Wapishi Wawili wa Gisenyi

Wanangu, sogeeni tukae vizuri, maana hadithi ya leo ni ndefu, na ni ya kweli mwanzo hadi mwisho. Nawapeleka Gisenyi, mji ulio ukingoni mwa Rwanda upande wa magharibi, mbele ya Ziwa Kivu na chini ya milima ya Virunga. Siku hizi wilaya yake inaitwa Rubavu, na wazee bado wanaiita nchi hiyo Bugoyi, lakini ukimwambia dereva "Gisenyi" atakufikisha.

Ukitaka kuujua mji huo, anzia kwenye sahani. Kila chakula utakachotengewa huko kimepitia mikono ya wapishi wawili. Mmoja ni yule unayemwona: mama wa mgahawa, kaka anayepepea mkaa, dada anayekaanga samaki karibu na ufukwe. Mwingine humwoni jikoni, ingawa ndiye aliyeanza kazi zamani sana, kabla binadamu hajajua kuwasha moto. Huyo ni volkano, mlima wa moto. Ndiye aliyelitengeneza ziwa, akarutubisha shamba, akapasha maji chini ya mawe. Hadithi yangu ni ya wapishi hao wawili na jinsi wanavyopokezana kazi.

Safari inaanzia Kigali. Kutoka hapo hadi Gisenyi ni kilomita kama 155 za lami, ila barabara hiyo hainyooki: inapanda kilima, inazunguka, inashuka bondeni, inapanda tena. Njiani, wilayani Rulindo, kuna Nyirangarama, mahali ambapo mfanyabiashara Sina Gérard alijenga maduka na viwanda vyake vya chakula, na wasafiri wengi hushuka kunyoosha miguu na kununua mahindi ya kuchoma. Hapo ndipo inapotoka Akabanga, pilipili ya mafuta inayouzwa katika kichupa kidogo cha kudondoshea. Tone moja linatosha sahani nzima. Kikumbukeni kichupa hicho, tutakikuta tena mezani.

Ukishapita Musanze, baridi inaingia mpaka ndani ya sweta. Mawingu yakiachana unaviona vilele vya Virunga upande wa kulia, na mrefu kuliko vyote ni Karisimbi, mita 4,507. Mashamba ya kando ya barabara yamezungushiwa kuta za mawe meusi yenye vitundu vingi. Okota jiwe moja ulipime mkononi, utashangaa lilivyo jepesi. Mawe hayo yalikuwa uji wa moto uliotiririka kutoka mlimani, na vile vitundu ni mahali hewa ilipokuwa ikitoka wakati uji unapoa.

Mwishoni barabara inateremka na ziwa linafunguka mbele yako. Ng'ambo ya mpaka ni Goma, mji wa Kongo, na miji hiyo miwili imegusana kiasi kwamba mgeni hajui mmoja umeishia wapi na mwingine umeanzia wapi. Nyuma ya Goma umekaa mlima Nyiragongo, mita 3,470. Mwaka 1948 mtaalamu wa volkano Haroun Tazieff alipanda huko akakuta kileleni ziwa la mawe yaliyoyeyuka, linachemka. Ziwa hilo likijaa, usiku mawingu ya juu ya mlima hugeuka mekundu, na watoto wa Gisenyi huyaona wakiwa vitandani kwao.

Kwa ujirani huo, Kiswahili kimetia nanga Gisenyi tangu zamani. Utakisikia sokoni, mpakani, msikitini na kwenye mitumbwi. Rwanda ilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017, lakini bibi wa Gisenyi anayeuza vitunguu alijifunza kutoka kwa bibi yake. Atakuamkia kwa Kinyarwanda, "Mwaramutse", kisha akiona unababaika atahamia Kiswahili papo hapo: "Karibu mwanangu, unataka nini?"

Sasa tumwangalie mpishi wa kwanza akianza kazi.

Zamani sana, maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward na mto Nile. Lakini ardhi ya huku inapasuka polepole. Hili ni tawi la magharibi la Bonde la Ufa, na kupitia nyufa zake mawe yaliyoyeyuka yalipanda kutoka chini, yakamwagika, yakapoa, yakamwagika tena juu ya yale ya kwanza, mpaka ikainuka safu ya milima iliyoliziba bonde. Maji yakakosa njia. Yakajaa nyuma ya ukuta huo kwa maelfu ya miaka, hadi yakapata upenyo upande wa kusini, yakatoka kwa mto Ruzizi kuelekea Ziwa Tanganyika. Ndivyo Kivu ilivyopata sura yake ya leo: ziwa lililoinuliwa mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, lenye kina kinachozidi mita 470.

Ziwa hilo lilikuwa zuri, lakini lilikuwa na pengo. Samaki wake walikuwa wa aina chache, na wengi walikaa karibu na ukingo. Katikati, kwenye maji mapana, kulijaa vijidudu na vijimea vidogo mno, chakula kizuri cha samaki wadogo, na hapakuwa na samaki wa kukila. Huko Tanganyika samaki wa aina hiyo walikuwa tele. Ndio dagaa ambao watoto wa Kigoma na Bujumbura wanawala tangu wameota meno. Kwa nini basi hawakuja wenyewe? Kwa sababu kutoka Kivu hadi Tanganyika Ruzizi unashuka karibu mita 700, na katika magenge yake maji yanaanguka kwa nguvu. Samaki mwenye urefu wa kidole hawezi kupanda ngazi hiyo.

Mwaka 1959, wakati wa utawala wa Ubelgiji, wataalamu walichukua vifaranga vya samaki Tanganyika wakaja kuvimwaga Kivu. Aina moja ilistawi. Wanasayansi wanaiita Limnothrissa miodon. Gisenyi na Goma wanaiita sambaza. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikuja kufanya kazi na wavuvi wa upande wa Rwanda, na uvuvi wa sambaza ukakua. Kwa hiyo chakula kinachoutambulisha mji huu kuliko vyote ni kipya kuliko babu zenu wengi.

Twendeni tukaone wanavyovuliwa. Jioni, jua likishuka upande wa Kongo, simama ufukweni mwa Rubona, kusini mwa mji. Utaona mitumbwi mitatu imefungwa pamoja sambamba, na nguzo ndefu za mkaratusi zimetokeza mbele na nyuma juu ya maji. Nguzo hizo ndizo zinazoutandaza wavu. Wavuvi wanaingia, wanashika makasia, na mara wanaanza kuimba. Mmoja anatoa sauti, wengine wanaipokea, na kiitikio kinaangukia pale makasia yanapozama. Wimbo huo una kazi: ndio unaowafanya watu wa mitumbwi mitatu wavute kwa pamoja.

Wakifika penye kina wanateremsha wavu na kuwasha taa juu yake. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi wengi wanatumia balbu za betri au za sola. Vijidudu vya majini vinaifuata nuru, sambaza wanavifuata vijidudu, na kundi likishakusanyika wavu unainuliwa kutoka chini, taratibu, kila mtu upande wake. Kisha wanaushusha tena. Kazi hiyo inarudiwa usiku kucha. Usiku wa mbalamwezi mavuno huwa haba, maana nuru imetapakaa ziwani kote na samaki hawana sababu ya kujikusanya chini ya taa ya mtu.

Alfajiri mitumbwi inarudi, na kina mama wenye mabeseni wanasubiri ukingoni. Hapo mpishi wa pili anapokea kazi, na hapa nataka mtazame kwa makini.

Sambaza mbichi ana tumbo linalong'aa fedha. Mama anawaosha mara mbili tatu mpaka maji yawe safi, halafu anawaacha kwenye chujio wakauke, kwa sababu samaki mwenye maji hurusha mafuta ya moto. Anawanyunyizia chumvi na unga kidogo. Karai liko juu ya mkaa. Anachukua samaki mmoja tu, anamdondosha kwenye mafuta. Akizama na kutulia, mafuta bado. Akitoa povu papo hapo na kuelea, mafuta yako tayari. Kisha anamwaga konzi moja, anangoja, anatoa, anamwaga konzi nyingine. Hawajazi wote kwa pamoja, maana wakibanana wanalainika badala ya kukauka. Baada ya muda mfupi wamegeuka rangi ya dhahabu na mikia imejikunja. Utawala wazima, kichwa na mifupa, kwa limau na chumvi, na sasa kile kichupa cha Akabanga kinafunguliwa: tone moja, si zaidi. Wakivunjika mdomoni kwa mlio, mama amefaulu. Na ile mifupa laini unayoitafuna ina kalsiamu inayojenga mifupa yako.

Pembeni utawekewa ugali wa muhogo na isombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa ambayo Watanzania wanayaita kisamvu na Wakongo sombe. Yanapikwa muda mrefu, kwa karanga au mawese, mpaka ule uchungu wa majani mabichi unaisha.

Tuache ziwa, tuingie sokoni.

Soko la Gisenyi linakuonyesha kazi ya pili ya volkano. Tazama marundo ya karoti, kabichi, vitunguu vyekundu, maharagwe ya rangi zote, na viazi. Viazi ndio wenye soko. Vinatoka kwenye yale mashamba yenye kuta za mawe meusi. Lava na majivu ya volkano yanapooza kwa mvua, jua na mizizi ya mimea, yanageuka udongo wenye madini yanayolisha mazao, na udongo huo hautuamishi maji, kwa hiyo kiazi hakiozi upesi. Mvua ni nyingi, baridi ni ya kutosha. Kiazi kinaipenda hali hiyo, maana asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, nayo ni nchi ya volkano. Kiliingia Rwanda zaidi ya miaka 100 iliyopita pamoja na Wazungu, na kikakuta huku udongo uliofanana na wa kwao. Ukiuliza wauzaji, watakutajia Kinigi, aina inayopendwa sana, yenye jina la mahali palepale chini ya milima.

Jioni, viazi hivyo utaviona juu ya mkaa pamoja na ndizi za kuchoma na mishikaki ya mbuzi, ambayo Wanyarwanda wanaiita kwa jina la Kifaransa, brochette. Kaka wa jikoni anapanga vipande vya nyama vyenye ukubwa mmoja, ili vyote viive pamoja, na kati yake anachomeka kitunguu. Mafuta yakidondoka kwenye mkaa, moshi unarudi juu na kuitia nyama harufu.

Maharagwe yana somo lake. Ufukweni mwa bahari, Mombasa au Tanga, maji yanachemka yakifika nyuzi 100. Gisenyi yanachemka yakifika karibu nyuzi 95 tu, kwa sababu mji uko juu na hewa inayoyakandamiza maji ni nyepesi zaidi. Hata ukiongeza kuni, maji ya chungu kilicho wazi hayapandi zaidi ya hapo. Yatageuka mvuke tu. Ndiyo maana maharagwe ya milimani yanachelewa kuiva, na ndiyo maana mama mwenye akili huyaloweka usiku.

Lakini kuna mahali hapo Gisenyi ambapo hata kuni hazihitajiki.

Fuata barabara ya ukingo wa ziwa kuelekea kusini, upite Rubona, ufike Nyamyumba. Kwenye ukingo, katikati ya mawe, maji yanabubujika kutoka ardhini yakiwa na joto la zaidi ya nyuzi 70. Wenyeji wanayaita amashyuza. Mvuke unaning'inia juu yake asubuhi ya baridi, na ukikaribia unasikia joto usoni. Hapo usitumbukize mguu bila kumuuliza mwenyeji, maana maji hayo yanababua. Watu wanakuja kujikanda viungo vinavyouma pale ambapo maji ya moto yamekwisha kuchanganyika na ya ziwa.

Watu hupikia hapo pia. Lete yai, literemshe kwenye maji, kaa usubiri. Wapo wanaoweka viazi, ila hivyo vinataka subira zaidi. Ukilipasua yai hilo unaweza kukuta jambo la ajabu: kiini kimeshika vizuri, na ute bado ni laini, unatikisika. Nyumbani huwa kinyume chake, ute hukaza kwanza na kiini hubaki kibichi. Sababu ni hii. Kiini huganda kwenye joto la nyuzi 65 hadi 70. Ute una protini nyingi ambayo haikazi sawasawa mpaka joto likaribie nyuzi 80. Kwenye sufuria inayochemka joto linaanzia nje, kwa hiyo ute unaokaa nje unapata moto mkali kwanza. Kwenye chemchemi joto ni la wastani na halibadiliki: linatosha kukishika kiini, halitoshi kuukaza ute.

Yai la namna hiyo lina ndugu yake mbali sana na hapa, Japani. Katika milima ya jimbo la Nagano kuna kijiji kiitwacho Nozawa Onsen, ambacho wakati wa baridi hufunikwa na theluji nyingi. Wakazi wake wana nyumba 13 za kuogea maji ya moto, na chemchemi moja iitwayo Ogama, yenye maji ya karibu nyuzi 90. Hiyo ni ya kupikia. Wenyeji wanachemshia humo mayai na mboga za majani, hasa nozawana, mboga ambayo pia wanaitia chumvi na kuihifadhi ili ile miezi ya theluji isiwakute mikono mitupu. Japani nzima ina volkano hai zaidi ya 100, na mayai ya chemchemi yana heshima yake huko: mgeni anayelala kwenye mji wa milimani huletewa asubuhi pamoja na wali, supu na samaki wa mtoni.

Japani ilipata volkano zake kwa njia tofauti na sisi. Huku kwetu ardhi inapasuka na kuachana. Kule tabaka la mwamba wa chini ya bahari linazama chini ya visiwa. Lakini mtu aliyekulia juu ya moto humtambua mwenzake. Mtaalamu wa Kijapani Hiroyuki Hamaguchi, wa Chuo Kikuu cha Tohoku, alikuja kuchunguza Nyiragongo na mlima jirani yake, Nyamuragira, pamoja na wenzake, na mwaka 1983 wakachapisha kitabu juu ya milima hiyo. Mtoto wa Nyamyumba na mtoto wa Nozawa hawajawahi kuonana, lakini wote wawili wanajua kuchemsha yai bila kiberiti.

Twendeni sasa juu, kwenye vilima vya nyuma ya mji. Ukiacha ziwa unakutana na mashamba ya chai ya Pfunda, kijani kimelala bondeni. Wachumaji wanachukua majani mawili na chipukizi lake, na hayo tu, kwa sababu majani makubwa ya chini ni magumu na chai yake haina ladha nzuri. Panda zaidi unafika Gishwati, nchi ya ng'ombe na ukungu. Maziwa ya huko yanagandishwa kuwa ikivuguto, mtindi mzito unaonywewa kwa bilauri kubwa, na mengine yanageuzwa jibini. Fundi wa jibini anapasha maziwa, anatia dawa ya kuyagandisha, anayakata yakishaganda, anakamua maji yake, anakandamiza kwenye kalibu, kisha anaweka maduara ya jibini kwenye rafu na kuyageuza siku baada ya siku. Ng'ambo ya mpaka, vilima vya Masisi vinatengeneza jibini ya namna hiyohiyo. Kipande chake pamoja na chai ya maziwa yenye tangawizi, wakati mvua inapiga bati, ni kifungua kinywa cha kukumbukwa.

Gishwati ina jambo zito ambalo sitawaficha. Zamani ilikuwa msitu mkubwa. Watu wakakata miti kutafuta mashamba na malisho, na baada ya vita na mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 waliorudi nchini bila makazi wakaingia humo pia, mpaka msitu ukabaki kipande kidogo. Miti ilipoondoka, udongo ule mzuri haukuwa na wa kuushika. Mvua ikija, mto Sebeya unaoshuka kutoka vilima hivyo hadi Rubavu hufurika. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 130 nchini, wengi katika mkoa huu wa magharibi. Kilichosalia cha msitu sasa ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura, na miti inapandwa upya. Kwa hiyo jibini ile tamu ina masharti: malisho yana mahali pake, na msitu una mahali pake.

Mpishi wa kwanza naye hukasirika. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ulipasuka ubavuni, lava ikakatiza katikati ya Goma mpaka ikaingia ziwani. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, na wengi walivuka mpaka kuingia Gisenyi wakiwa na watoto mgongoni na godoro kichwani. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena; lava ikasimama ukingoni mwa Goma, lakini mitetemeko iliyofuata ilipasua nyumba za Gisenyi yenyewe. Nyakati hizo zote mbili, familia nyingi za Gisenyi ziliwapokea jamaa na marafiki kutoka ng'ambo, na sufuria iliyopikiwa watu watano ikalisha watu kumi. Upishi wa namna hiyo nao ni sehemu ya chakula cha mji huu.

Hata chini ya ziwa moto huo umeacha alama. Katika maji ya chini kabisa kuna gesi nyingi iliyoyeyuka, hewa ya ukaa na methani. Hewa ya ukaa inapanda kutoka ardhini, na vijidudu vya vilindini vinatengeneza methani. Methani peke yake inakadiriwa kufikia kilomita za ujazo 60. Huko hakuna oksijeni, ndiyo maana sambaza hawashuki, wanaishi tabaka la juu. Gesi inabaki chini kwa sababu uzito wa maji unaikandamiza. Ukifungua chupa ya soda, mkandamizo unaondoka na povu linapanda. Wahandisi wanafanya jambo hilohilo kwa mpango, wakivuta maji ya chini kwa bomba mpaka gesi ijitenge. Tangu 1963 methani ya Rubona ilitumika kupasha mitambo ya kiwanda cha vinywaji cha Gisenyi. Mwaka 2016 kituo cha KivuWatt kilizinduliwa Karongi, kusini zaidi kwenye ziwa hilohilo, kikizalisha megawati 26 za umeme. Kwa hiyo mama anayewasha jiko la umeme huenda anapikia moto wa vilindini mwa Kivu bila hata kwenda Nyamyumba.

Mkienda Gisenyi, nendeni na adabu za huko. Amkieni kwanza, kisha muulize bei. Msile mkitembea barabarani. Wazee wa Rwanda hawapendi kuona mtu akitafuna njiani, kwa hiyo ketini, mnawe mikono, mle kwa utulivu. Msibebe mifuko ya plastiki, imepigwa marufuku nchini tangu 2008. Sambaza wenu watafungwa kwenye karatasi. Na mkimaliza semeni "Murakoze", asante.

Na jambo la mwisho. Kila mwaka uvuvi wa sambaza husimamishwa kwa kipindi fulani ili samaki wazae na vifaranga vikue. Wavuvi wenye watoto wa kusomesha wanatundika nyavu, ingawa wanauona ufukwe kila siku na ziwa liko palepale. Mkifika wakati huo, mkaambiwa hakuna sambaza wabichi, msinune, wala msimtafute mtu wa kuwauzia kwa siri. Ziwa hili lilichukua maelfu ya miaka kutengenezwa, na linaweza kumalizwa na walafi wa msimu mmoja. Agizeni viazi na maharagwe, mle mshibe, mkawaachie wale watakaokuja mwezi ujao sehemu yao.